Kura Nyingi, Viti Vichache: Khitilafu za Viongozi Wetu wa Unguja na Pemba Juu ya Uchaguzi, 1954–1964

Katika kila ukoo wetu wamo watu wa namna mbili. Wa kwanza hushikilia kwamba washindi wa uchaguzi wa Julai 1963 walikuwa Hizbu na ZPPP, kwa sababu walipata viti 18 katika viti 31. Wa pili hushikilia kwamba washindi walikuwa Afro-Shirazi, kwa sababu walipata zaidi ya nusu ya kura zote. Zaidi ya miaka sitini imepita, na ubishi huu bado unawatenga ndugu wa damu moja. Katika kurasa hizi nimekusudia kuwaeleza khasa vijana wetu waliozaliwa Maskati, Dubai, London na kwengineko, kwamba wote wawili wanasema kweli. Balaa letu halikutoka katika hesabu. Lilitoka katika jambo lililotangulia hesabu, nalo ni kwamba viongozi wetu hawakupata kukubaliana juu ya kanuni zenyewe za kuchaguana, na kila mmoja alizipenda kanuni pale zilipompa na akazilaumu pale zilipomnyima.

Kabla ya kura

Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa mwaka 1926. Mbali na maofisa wa serikali, wajumbe wake wa kwanza walikuwa Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja, na wote waliteuliwa. Mwafrika wa kwanza hakuingia mpaka mwaka 1946. Hivyo basi, kwa muda wa miaka ishirini, walio wengi nchini hawakuwa na hata mjumbe mmoja wa kwao. Tena kila mjumbe alikaa pale kwa jina la kabila lake. Mtindo huo Waingereza waliupenda, kwani waliona ni kuweka mizani baina ya makundi, lakini ndio uliotuzoesha kujihesabu kwa makabila kabla ya kujihesabu kwa wananchi.

Mwaka 1954 serikali ilipoleta mageuzi, ilitaka kuendelea na mtindo uleule wa uwakilishi wa makabila. Jumuiya ya Waarabu ilikataa. Ilidai orodha moja ya wapiga kura kwa raia wote wa Sultani, bila ya kubagua asili, na ilidai nchi ipelekwe kwenye madaraka kwa haraka. Mwaka huohuo viongozi wa gazeti lao, Al-Falaq, walishitakiwa kwa uchochezi, na wajumbe wa Kiarabu wakaligomea Baraza. Mgomo huo ulikuwa mkali hata mjumbe mmoja aliyeuvunja akauawa mwaka 1955.

Vijana wengi hawalijui jambo hili, nami napenda walitie akilini. Mwanzoni walioshika bendera ya orodha moja na ya uhuru wa upesi walikuwa ni wale ambao baadaye waliitwa wapinga wengi. Viongozi wa Jumuiya ya Waafrika ndio waliokuwa na hadhari. Waliona watu wao wako nyuma katika skuli na katika mali, na kwamba uchaguzi ukija haraka utawapa nguvu wenye nguvu. Kwa hiyo waliona mwendo wa taratibu ndio wenye salama, na wapinzani wao wakawacheka kuwa wanazuia uhuru. Miaka minane baadaye mengi ya maneno hayo yalikuwa yamebadilisha midomo.

Uchaguzi wa 1957

Mwaka 1956 aliletwa Walter Coutts kutazama njia ya kuanzisha uchaguzi. Alipendekeza wajumbe sita wachaguliwe kwa orodha moja, lakini kura ipewe wanaume tu, tena wenye kutimiza masharti ya umri, ukaazi, elimu au mali. Hapo dai la orodha moja lilikubaliwa nusu, na dai la kura kwa wote halikukubaliwa.

Hizbu ilikuwa imekwisha kuundwa Desemba 1955, na mizizi yake mojawapo ilikuwa kwa wakulima wa Kiembe Samaki. Afro-Shirazi iliundwa Februari 1957, miezi michache tu kabla ya kura. Matokeo ya Julai 1957 yaliwashangaza wengi. Hizbu haikupata hata kiti kimoja katika sita. Huko Ng'ambo, Mzee Abeid Amani Karume alimshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani kwa kura 3,328 kwa 918. Orodha moja iliyodaiwa na Jumuiya ya Waarabu ndiyo iliyowapa ushindi walioiogopa.

Toka hapo kila upande ulijifunza somo lake. Afro-Shirazi walijifunza kwamba wingi wao ndio ngao yao. Hizbu walijifunza kwamba wingi wa kura peke yake si kitu, bali kura lazima zipangwe, zitafutwe jimbo kwa jimbo, na wapatikane wenzi. Hapo ndipo zama za siasa zilipopamba moto. Watu waligomeana maduka na mabasi, wakaachana katika mazishi, na misikiti ikaanza kujulikana kwa vyama. Wazee wetu wa pande zote mbili wanayakumbuka hayo, na hawapendi kuyasimulia.

Mwaka 1961, kura mara mbili

Mwishoni mwa mwaka 1959 Afro-Shirazi ilivunjika, na Sheikh Mohammed Shamte na wenzake wakaunda ZPPP, chama kilichokuwa na nguvu zake Pemba. Mwaka 1960 Sir Hilary Blood akaletwa kutengeneza katiba mpya. Alipendekeza viti 21 vya kuchaguliwa, navyo vikafanywa 22. Uchaguzi wa Januari 1961 ndio wa kwanza kwa mama zetu na bibi zetu kupiga kura.

Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Chake Chake kiti kilipatikana kwa kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Nchi ikakosa serikali ya kuchaguliwa. Dawa iliyotumika ilikuwa kuongeza kiti kimoja, cha Mtambile, Pemba, ili idadi isigawanyike nusu kwa nusu, na watu wakarejeshwa kwenye masanduku tarehe 1 Juni 1961.

Safari hii Afro-Shirazi walipata karibu nusu ya kura zote, nao wakatoka na viti 10. Hizbu walipata 10, ZPPP 3, na wawili hao wakaunda serikali chini ya Sheikh Shamte. Siku hiyohiyo ya kura fujo ziliripuka Unguja, na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu. Roho hizo 68 zilikuwa onyo. Lakini onyo halikupelekea watu kukaa na kutengeneza kanuni ambayo kila mmoja angeikubali hata akishindwa.

Mkutano wa London

Machi na Aprili 1962 viongozi wetu walikutana London, Lancaster House, mbele ya Waziri wa Makoloni Reginald Maudling. Kwa jinsi ninavyoifahamu khitilafu yao, kila mmoja alikuwa na hoja ya haki mkononi. Sheikh Ali Muhsin na wenzake walisema: serikali imekwisha kuchaguliwa kwa sheria iliyopo, na mtawaliwa hapaswi kungojeshwa uhuru wake. Afro-Shirazi walisema: serikali isiyokuwa na kura za walio wengi haina haki ya kuichukua nchi mpaka kwenye uhuru, kwa hiyo uchaguzi mpya uje kwanza. ZPPP nao walikuwa na neno la Pemba, kwamba kisiwa chao kisimezwe na Unguja. Serikali ya mseto ilizungumzwa, ikashindikana. Wakarudi nyumbani bila ya mapatano.

Khatimaye masharti ya kura yaliondolewa, kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, akapewa kura, na majimbo yakafanywa 31, yaani 17 Unguja na 14 Pemba. Serikali ya madaraka ilianza tarehe 24 Juni 1963, na uchaguzi ukafuata Julai.

Hesabu yenyewe

Afro-Shirazi walipata kura 87,085. Hizbu walipata 47,950 na ZPPP 25,609, jumla yao 73,559. Kwa kura, Afro-Shirazi walikuwa mbele kwa 13,526, nao walikuwa na asilimia 54 ya kura zote. Kwa viti, walipata 13, Hizbu 12 na ZPPP 6.

Kijana atauliza: hayo huwaje? Chukua mfano wa majimbo matatu, kila moja na wapiga kura 1,000. Chama kimoja kinashinda jimbo la kwanza kwa 900 kwa 100. Majimbo mawili yaliyobaki kinashindwa kwa 450 kwa 550. Chama hicho kimepata kura 1,800 katika 3,000, lakini kiti ni kimoja katika vitatu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kura za Afro-Shirazi zilirundikana katika baadhi ya majimbo ya Unguja, ambako walishinda kwa wingi uliozidi mahitaji. Hizbu na ZPPP walikwisha kupatana wasipambane wenyewe kwa wenyewe, na kura zao zikatawanyika vizuri zaidi. Kwa matokeo kama haya hapana haja ya kudhani kwamba kila sanduku liliibiwa. Kanuni yenyewe yatosha kuyaleta.

Tena kanuni hiyo hatukuibuni sisi. Ni ya Kiingereza. Mwaka 1951 huko Uingereza kwenyewe chama cha Leba kilipata kura nyingi kuliko Konsavativu, na Konsavativu wakapata viti vingi na wakatawala. Leba walikaa upinzani miaka 13, wakarudi mwaka 1964. Marekani nako, miaka ya 2000 na 2016, aliyepata kura nyingi za wananchi siye aliyekuwa rais. Walinung'unika, lakini nchi haikuangamia. Kwa nini sisi tuliangamia?

Jawabu langu ni hili. Aliyeshindwa Uingereza alijua kwa yakini kwamba siku yake itarudi, na kwamba mshindi hatomfungia mlango. Kwetu yakini hiyo haikuwapo. Aliyeshindwa aliamini kwamba bendera ya uhuru ikipanda juu naye amefungiwa nje milele, na aliyeshinda aliamini kwamba akilegeza kidogo tu atang'olewa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapema Januari 1964 serikali ikakipiga marufuku chama cha Umma, ikawatia nguvu waliokuwa wakisema mlango umekwisha kufungwa. Tarehe 12 Januari ikapinduliwa. Maelfu waliuawa, na wengi wetu ndipo tulipoanza kuhesabu miaka ya ugenini.

Na waliopindua, ambao hoja yao ilikuwa ni wingi wa kura, nao hawakuitisha kura. Vyama vyengine vilivunjwa, na Baraza la Mapinduzi likatunga sheria lenyewe mpaka Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980. Mzanzibari hakupata tena kuchagua baina ya chama na chama mpaka Oktoba 1995, yaani miaka 32. Walioililia kanuni ya viti waliitumia kufunga, na walioililia kanuni ya kura waliiweka kabatini. Kwa hiyo asijifakhiri mtu.

Mwaka 1995 hesabu ilikuja ileile, asilimia 50.2 kwa 49.8 katika urais, na ugomvi ukarudi. Lakini tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Mseto uliowashinda wazee London mwaka 1962 ulikuja kukubaliwa na watu wenyewe baada ya miaka 48. Haukuponya kila kitu, maana uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na khitilafu zikaanza upya. Hata hivyo ulionyesha kwamba watu wa visiwa vile, wakiulizwa juu ya kanuni yenyewe kabla ya kuulizwa juu ya chama, wengi wao hujibu kwa busara.

Nawaomba basi jamaa zangu mnaowasomesha watoto wenu historia hii muwape namba zote mbili, kura 87,085 na viti 18, wala msiifiche moja mkaitoa moja. Mtoto aliyepewa moja tu hurithi chuki. Aliyepewa zote mbili atauliza suala ambalo viongozi wetu walipaswa kuulizana mwaka 1954: tukishindwa, kitatuhifadhi nini? Nchi ambayo viongozi wake wamekwisha kulijibu suala hilo yaweza kuhimili hata uchaguzi uliokosa uwiano.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wa pande zote, na atujaalie sisi tuliobaki kusikizana. Amin.