Kishindo Kilichochelewa

Katika filamu nyingi za majaribio ya nyuklia ya Marekani, mwanga na kishindo hufika pamoja. Waliokuwapo hawakuvipata hivyo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na wapiga picha waliwekwa kilomita nyingi kutoka kwenye bomu. Nimezifuata filamu hizo kurudi nyuma kutafuta kishindo chenyewe.

Njia inaanzia jangwa la New Mexico, tarehe 16 Julai 1945, saa 11:29 alfajiri. Hapo ndipo bomu la Trinity lilipolipuliwa. Mkuu wa wapiga picha, Berlyn Brixner, alikuwa kilomita 9 hivi kaskazini ya mnara wa bomu. Mwanga ulimpofusha kwa muda. Kamera ikaendelea kupiga picha bila kuelekezwa, mpaka alipoona tufe la moto linapanda na kumtoka, ndipo akalifuata. Yote hayo yalitokea kimya. Kwa umbali ule, sauti ilihitaji karibu nusu dakika kumfikia. Mwanafizikia Enrico Fermi, aliyekuwa mbali zaidi, alipata muda wa kusimama na kudondosha vipande vya karatasi wimbi la hewa lilipopita, akakadiria nguvu ya bomu kwa jinsi vilivyopeperuka.

Basi kishindo cha filamuni kilitoka wapi? Kamera za kasi, zilizonasa maelfu ya picha kwa sekunde, zilikuwa vyombo vya kupimia, wala hazikurekodi sauti. Filamu nyingi zilihaririwa Los Angeles, katika studio ya siri ya jeshi la anga iitwayo Lookout Mountain. Hapo milio na muziki viliongezwa, na nusu dakika ile ikapotea.

Ipo rekodi iliyonusurika. Tarehe 17 Machi 1953 bomu la Annie, la kilotani 16, lililipuliwa Nevada mbele ya waandishi wa habari waliokaa kilomita 11 hivi kutoka hapo. Mwanga unawaka, watu wananong’ona, sekunde zinapita. Kisha mlio mmoja mkavu, kama wa bunduki, na nyuma yake ngurumo ndefu. Kwangu rekodi hii inatisha kuliko filamu zote zilizopambwa, kwa sababu inamweka msikilizaji mahali penye kungoja.

Kungoja huko ndiko kulikofutwa studioni, na madhara ya mabomu haya mara nyingi yalikuja baada ya kungoja. Tarehe 1 Machi 1954, bomu la Bravo la megatani 15 lililipuka katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Katika kisiwa cha Rongelap, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, watu waliuona mwanga, kisha wakausikia mlio. Saa chache baadaye majivu meupe yalianza kuwaangukia, na watoto wakayachezea. Waliondolewa kisiwani siku mbili baadaye.