Muuguzi aliyeuliza mchana wa mgonjwa unakwendaje

Mwaka 1997 jarida la kitabibu la Sleep lilichapisha dodoso lenye maswali 30 kuhusu maisha ya mtu akiwa macho. Je, usingizi unamsumbua anapoendesha gari? Anamudu kazi za nyumbani? Anaweza kutazama filamu hadi mwisho, au kukaa na wageni sebuleni bila kusinzia? Uchovu umemwondolea hamu ya tendo la ndoa? Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa muuguzi, Terri Weaver wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Dodoso lake, linalojulikana kwa kifupi kama FOSQ, limekuwa kipimo kinachotumika katika majaribio mengi ya tiba za usingizi, nalo lilitoka mikononi mwa nesi.

Ugonjwa uliomshughulisha ni ule wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye mwili mkubwa na shingo nene, njia ya hewa hubanwa hadi ikaziba kabisa. Pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua kwenye damu, ubongo humgutusha, naye hukoroma kwa kishindo, huvuta hewa na kulala tena. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, hali hiyo hujirudia zaidi ya mara 30 kwa saa, usiku mzima, na asubuhi hakumbuki chochote. Anachojua ni kwamba alilala mapema na bado anasinzia kwenye usukani. Shahidi wa kweli ni mke au mume aliye pembeni yake, anayekaa macho gizani akisubiri pumzi irudi.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, tiba ya uhakika ilikuwa kutoboa koo na kupachika mrija ili hewa ipite chini ya pale palipoziba. Juni 1980, huko Sydney, daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa ambaye hakutaka kutobolewa. Akamjaribishia njia nyingine: kusukuma hewa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika, ili hewa yenyewe ilitanue koo lisijifunge. Ni hewa ya kawaida ya chumbani, hakuna oksijeni ya ziada wala dawa. Mashine za mwanzo zilitumia mota za aina ya zile za kufyonza vumbi, na barakoa ilibandikwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku. Aprili 1981 Sullivan na wenzake walieleza katika jarida la Lancet jinsi wagonjwa watano walivyolala bila pumzi kukatika. Mashine hiyo ndiyo CPAP.

Tiba ikawa imepatikana, tena nzuri. Tatizo likawa kuivaa. Barakoa inabana, pua inakauka, mota inanguruma, na wengine wanaona haya kulala na mipira usoni mbele ya wenzi wao. Mwaka 1993, kundi la watafiti lililowahusisha Nancy Kribbs, Allan Pack na David Dinges wa Pennsylvania lilitoa matokeo ya wagonjwa 35 ambao mashine zao zilikuwa na kompyuta ndogo ya kurekodi shinikizo kwenye barakoa dakika kwa dakika. Asilimia 60 ya wagonjwa walisema wanaivaa kila usiku. Mashine ikatoa hesabu nyingine: ni 16 tu kati ya 35 walioitumia kwa angalau saa 4 katika asilimia 70 ya siku. Kipimo hicho cha saa 4 kilikuwa cha watafiti kuainishia watumiaji. Kikumbuke, kwa sababu baadaye kiligeuka kuwa kitu kingine.

Weaver aliingia kwenye usingizi kwa mlango wa mapafu. Mwaka 1992 yeye na Georgia Narsavage walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa mapafu yaliyoziba kwa muda mrefu, wakiangalia ni mambo gani ya mwili na ya nafsi yanayoamua kama mtu ataweza kuendelea na shughuli zake za kila siku. Hili ni swali la kiuguzi hasa. Daktari hutoka wodini akiwa na namba za vipimo. Nesi hubaki na mtu anayetaka kujua kama atapanda ngazi za nyumbani kwake. Florence Nightingale aliliona hilo mapema: katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alitenga sura nzima kwa ajili ya kelele, akionya kwamba mgonjwa aliyeamshwa mwanzoni mwa usingizi wake huenda asiupate tena.

Lakini kuliona jambo ni kazi moja, na kupata fedha za kulitafiti ni nyingine. Wauguzi wa Marekani walipigania kwa miaka mingi kuwa na kituo chao ndani ya taasisi za taifa za utafiti wa afya. Mwaka 1985 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyokianzisha, Rais Ronald Reagan akaipinga kwa kura ya turufu, na Bunge likamshinda kwa kuipitisha tena. Kituo kikafunguliwa mwaka 1986, na mwaka 1993 kikapandishwa hadhi kuwa taasisi kamili. Wauguzi wenye shahada za uzamivu wakapata pa kuombea fedha za utafiti bila kusubiri kukaribishwa kwenye miradi ya wengine.

Mwaka uleule wa 1997 dodoso lilipotoka, Weaver alitoa utafiti wa pili ambao mimi nauona una uzito sawa na dodoso lake. Pamoja na Kribbs, Pack na wenzao aliwafuatilia wagonjwa 32 wapya wa CPAP, usiku baada ya usiku. Wakagawanyika makundi mawili. Karibu nusu walivaa mashine katika zaidi ya asilimia 90 ya siku, kwa wastani wa saa 6 na ushee kwa usiku. Waliobaki walivaa leo na kuacha kesho, na hata usiku walipovaa hawakufikisha saa 4 kwa wastani. Ajabu ni wakati ambapo njia zao ziliachana: kufikia siku ya nne tofauti ilikuwa tayari inaonekana.

Siku ya nne! Hospitali nyingi humpa mgonjwa mashine, humwonyesha mikanda na kumwambia arudi baada ya miezi. Kwa ushahidi huu, akirudi mambo yalishaamuliwa siku nyingi. Simu moja ya nesi katika juma la kwanza, ya kuuliza kama barakoa inavuja au pua inakauka, ina maana kubwa kuliko miadi ndefu ya mwezi wa tatu.

Weaver hakuwalaumu wagonjwa kwa ukaidi. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa dodoso jingine la kupima imani za mgonjwa kabla hajaanza tiba: je, anajua hatari za ugonjwa wake, anaamini mashine itamsaidia, na anajiona anaweza kuitumia hata pua ikiziba au akiwa safarini? Walikuta wagonjwa wengi hawakuwa wanahusisha kukatika pumzi na hatari kama ajali za barabarani. Asiyejua anachokwepa hawezi kuvumilia mpira usoni usiku kucha.

Kisha ukaja mwaka 2007. Weaver na wenzake walikusanya wagonjwa 149 wenye ugonjwa mkali kutoka vituo saba vya usingizi, wakauliza: ni saa ngapi za mashine zinatosha? Walipima kwa njia tatu. Ya kwanza ni kipimo cha Epworth, ambacho Murray Johns wa Melbourne alikitangaza mwaka 1991, kinachomtaka mtu aseme ana uwezekano gani wa kusinzia katika hali nane za kawaida, kama vile kusoma au kukaa kwenye gari lililosimama foleni. Ya pili ni ya maabara, mgonjwa akilazwa mara kadhaa mchana kuona usingizi unamchukua upesi kiasi gani. Ya tatu ni FOSQ.

Majibu yalitofautiana. Kwa mgonjwa kujiona hasinzii, nafuu iliendelea kuongezeka hadi saa 4 za mashine kwa usiku. Kwa kipimo cha maabara, hadi saa 6. Kwa maisha yenyewe, yaani kazi, familia na uangalifu, hadi saa 7 na nusu. Wapo pia walioivaa muda mrefu na bado wakabaki na usingizi mchana, na utafiti haukuwaficha.

Mwaka uliofuata, bima ya serikali ya Marekani ya wazee ilianza kulipia CPAP kwa sharti: katika miezi mitatu ya mwanzo, mgonjwa aonyeshe siku 30 mfululizo ambamo ametumia mashine angalau saa 4 katika asilimia 70 ya usiku. Ndiyo hesabu ileile ya mwaka 1993. Naelewa bima inahitaji mstari wa kukata. Lakini wagonjwa na watumishi wa afya wameuchukua mstari huo kama lengo, na mtu anayevua barakoa saa 9 usiku hujiona amemaliza dozi. Utafiti wa muuguzi huyu unaonyesha bado anapoteza.

Weaver alihamia Chicago mwaka 2010 kuongoza kitivo cha uuguzi cha Chuo Kikuu cha Illinois, na utafiti haukusimama. Mwaka 2012 alitoa matokeo ya jaribio la CATNAP, lililowahusu watu wenye ugonjwa hafifu au wa wastani ambao mchana walikuwa wakisinzia, watu ambao kwa muda mrefu waliambiwa hali yao haihitaji mashine. Wengine walipewa CPAP halisi, wengine mashine iliyofanana nayo lakini isiyo na shinikizo la kutosha kufungua koo. Baada ya wiki nane, waliopata hewa halisi walikuwa wanamudu maisha yao vizuri zaidi. Kipimo kilichoonyesha hivyo kilikuwa FOSQ.

Kwetu bado tunasikia kwamba anayekoroma amelala fofofo na amefaidi usingizi. Kama mwenzako anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka akitafuta hewa, usimwache aende hospitali peke yake. Nenda naye ukamweleze daktari ulichokiona, kwa sababu yeye hakukiona. Na akipewa mashine, mwulize siku ya pili na ya tatu inamsumbua wapi, mrudi mapema irekebishwe, na aivae mpaka anapoamka.