Mbio za wanawake zilizofutwa kwa miaka 32

SEHEMU YA 1

Baridi ya Songea bado inatunyoosha, wavisheni watoto soksi. Leo naanza mfululizo mpya, sehemu tano. Ni historia ya michezo, ila msikimbie, mtaona mbele kwa nini nesi ndiye anayeisimulia.

Ilianzia kliniki. Mama mmoja alikuja na kichanga chake, siku ya 42 baada ya kujifungua. Mtoto kaongezeka uzito vizuri, mama mwenyewe hana shida. Kaaga, kafika mlangoni, karudi.

"Nesi, nina jambo lingine. Naomba unisaidie nipate karatasi ya daktari ya binti yangu mkubwa, asikimbie tena shuleni."

Binti yuko kidato cha pili. Kachaguliwa mita 800 kwa ajili ya UMISSETA. Siku ya mchujo alimaliza mbio akajilaza kwenye nyasi, anahema, kashika tumbo. Bibi yake alikuwepo. Akarudi nyumbani na hukumu: mtoto akiendelea hivi kizazi kitashuka, hatazaa. Baba anataka binti akimbie, bibi hataki, mama kabaki katikati.

Nikamuuliza, "Alilala pale muda gani?"

"Kama dakika tatu."

"Halafu?"

"Akaamka, akaomba muwa."

(Nimemwomba ruhusa kusimulia. Majina siwapi, msinitafute inbox.)

Lile neno la bibi lilinigusa, maana nililisikia na mimi. Shule ya msingi nilikuwa nakimbia mbio za vijiti. Darasa la sita nikavunja ungo, bibi yangu akanikalisha chini akasema basi, mambo ya kukimbia na kaptula yameisha. Sikubisha. Miaka yote nilidhani hayo ni ya kwetu tu huku. Kumbe wazee wa Ulaya waliovaa suti na tai walishasema hayohayo mwaka 1928, wakafuta mbio za wanawake kwenye Olimpiki. Tena ni mbio hizohizo za binti yetu, mita 800.

SEHEMU YA 2

Twende Amsterdam, Uholanzi, Agosti 1928. Michezo ya Olimpiki.

Mpaka mwaka huo wanawake walikuwa wanaruhusiwa tenisi, kuogelea na michezo mingine michache. Riadha, yaani kukimbia, kuruka na kurusha, ilikuwa ya wanaume peke yao. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeifufua Olimpiki, hakutaka kabisa wanawake washindane. Lakini Mfaransa mwenzake, mama mmoja anaitwa Alice Milliat, alichoka kusubiri. Mwaka 1922 akaandaa michezo ya wanawake peke yao jijini Paris, watu wakajaa. Wakubwa wakaona huyu mama atatuharibia, wakakubali kufungua mlango kidogo. Amsterdam wakawapa wanawake mashindano matano tu ya riadha: mita 100, mita 800, kupokezana vijiti, kuruka juu na kurusha kisahani.

Fainali ya mita 800 ilikuwa na wanawake 9. Mizunguko miwili ya uwanja. Mjerumani Lina Radke akashinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi mpya ya dunia. Wa pili alikuwa Mjapani, Hitomi Kinue, na wa tatu Inga Gentzel wa Sweden. Hao watatu wote walikimbia chini ya rekodi iliyokuwepo asubuhi ya siku ile. Rekodi ya Radke ilikaa zaidi ya miaka 15 bila kuvunjwa.

Huyo Hitomi nampenda sana. Alikuwa na miaka 21, na alikuwa ameshaweka rekodi ya dunia ya kuruka chini. Alikwenda Amsterdam akitegemea mita 100, akatolewa kabla ya fainali. Mita 800 hazikuwa mbio zake, ila aliona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, akaingia. Akapata medali ya fedha, mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Baada ya kumaliza, wengine walijilaza kwenye nyasi wakihema. Basi! Magazeti yakawaka. Mwandishi mmoja wa Marekani akaandika kwamba walikuwa wanawake 11, kwamba watano walishindwa kumaliza na wengine wakaanguka baada ya mbio. Wakati walioanza walikuwa 9, na wote 9 walimaliza. Yaani hata kuhesabu hakuhesabu. Wengine wakaandika kwamba mbio ndefu zitawazeesha wanawake mapema na zitaharibu uzazi.

Wakubwa wa riadha wakakaa kikao, wakaziondoa. Olimpiki iliyofuata, Los Angeles 1932, mwanamke hakuruhusiwa mbio ndefu kuliko mita 100.

Hakuna daktari aliyewapima wale 9 na kukuta wameumia. Walitazamwa tu wakiwa wamelala, watazamaji wakajisemea.

SEHEMU YA 3

Mmoja wenu kaniuliza: "Nesi, labda kweli walikuwa wanakufa?" Swali zuri. Hitomi Kinue alifariki miaka mitatu baadaye, 1931, akiwa na miaka 24. Kilichomuua ni nimonia. Wakati huo penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Nimonia hiyohiyo ndiyo ninayowaambia kila siku msiisubiri ikifika kifuani kwa mtoto.

Sasa hebu tulinganishe na jambo mnalolijua. Mwaka 1968, Mexico City, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alikuwa kwenye marathoni. Akaanguka njiani, goti likaumia vibaya. Akafungwa bendeji, akaendelea, akikimbia kidogo, akichechemea kidogo. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, wa mwisho kabisa kati ya 57 waliomaliza, na watu 75 ndio walioanza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake likawa kwamba nchi yake haikumtuma kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma akamalize. Dunia mpaka leo inamsifu, na anastahili.

Ila fikirini. Mwanaume kaumia kweli, damu inaonekana, ameitwa shujaa. Wanawake wamechoka tu, hawana hata jeraha, wameitwa wagonjwa na mbio zao zikafutwa. Mwili uliochoka ni uleule, tofauti ni nani anayeutazama.

Na wanawake hawakukaa kimya. London 1948, Mholanzi Fanny Blankers-Koen, mama wa watoto wawili, miaka 30, alikwenda Olimpiki watu wakimsema kwamba abaki nyumbani alee. Akarudi na dhahabu nne. Lakini hata yeye, mbio yake ndefu kuliko zote ilikuwa mita 200, maana hakukuwa na zaidi.

Mita 800 zilirudi Roma, mwaka 1960. Miaka 32 baadaye! Aliyeshinda, Lyudmila Shevtsova wa Muungano wa Kisovyeti, alitumia dakika 2 na sekunde 4.3. Sekunde 12 na zaidi chini ya Radke. Baada ya hapo milango ikafunguka mmojammoja: mita 1,500 mwaka 1972, marathoni 1984, mita 10,000 mwaka 1988, kuruka viunzi na maji 2008.

Niwe mkweli, si kila mbio inayoondolewa ni uonevu. Mita 3,000 za wanawake ziliingia 1984 zikaondolewa baada ya 1992, ila nafasi yake zilikuja mita 5,000. Hapo waliongezewa. Za 1928 walinyang'anywa, hawakupewa kitu.

Hesabuni miaka 32 kwa binti. Aliyezaliwa siku ile ya Amsterdam alifika umri wa kuwa na watoto wanne bila kuona mwanamke mmoja akikimbia mizunguko miwili kwenye Olimpiki.

SEHEMU YA 4

Leo tuje kwetu.

Medali ya kwanza ya kimataifa ya riadha kwa Tanzania, wengi hudhani ni ya Filbert Bayi. Hapana. Bayi tunamheshimu, mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Lakini miaka tisa kabla yake, 1965, kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville, Theresia Dismas alileta fedha ya kurusha mkuki. Mwanamke. Waambieni watoto wenu. Na Moscow 1980, Mwinga Mwanjala alitukimbilia mita 800, zilezile zilizokuwa zimefutwa.

Sasa vukeni mto Ruvuma. Nusu yenu mna ndugu ng'ambo, Msumbiji. Kule Maputo alikuwepo binti anaitwa Maria Mutola, alikuwa anacheza mpira na wavulana, tena anawafunga, watu wakalalamika. Mshairi mkubwa wa nchi ile, José Craveirinha, ndiye aliyemshauri ajaribu riadha. Akiwa na miaka 15 tu alikuwa Olimpiki ya Seoul, 1988. Atlanta 1996 akapata shaba. Sydney 2000 akapata dhahabu, mita 800, dakika 1 na sekunde 56.15. Ni dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Msumbiji. Kama zile mbio zisingerudishwa, majirani zetu wangeisubiri mpaka lini?

Kenya nao. Wanaume wao wameshinda dhahabu tangu 1968. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki ni Pamela Jelimo, Beijing 2008, miaka 18. Mbio gani? Mita 800. Dakika 1 na sekunde 54.87.

Na huyu wa mwisho ni kwa ajili ya nyie mnaonyonyesha. Faith Kipyegon, mita 1,500. Alipata dhahabu Rio 2016. Mwaka 2018 akajifungua binti. Watu wakasema huyu basi, ameshazaa. Mwaka 2019 akawa wa pili kwenye mashindano ya dunia Doha. Kisha dhahabu ya Tokyo, kisha dhahabu ya Paris 2024, tatu mfululizo. Mwaka 2023 akavunja rekodi ya dunia, 2024 akaivunja tena, Julai 2025 akaivunja tena kule Eugene, Marekani: dakika 3 na sekunde 48.68. Rekodi zote tatu ameziweka akiwa mama.

Wale wazee wa 1928 walisema mbio zitawazuia wanawake wasiwe mama. Wangemwona huyu sijui wangeficha wapi nyuso zao.

SEHEMU YA 5 (MWISHO)

Sasa nirudi kwa mama yetu na karatasi yake.

Nilimwambia hivi. Mtu akikimbia kwa nguvu zote mizunguko miwili, misuli inadai hewa kuliko anayoweza kuivuta. Akifika mwisho mwili unalipa lile deni: anahema, miguu inatetemeka, tumbo linabana, anataka kulala. Dakika chache moyo unatulia. Anayeamka na kuomba muwa ni mzima.

Kizazi kushuka kupo, na mimi nakiona kazini. Ninakikuta zaidi kwa mama aliyezaa mara nyingi, aliyesukuma uchungu muda mrefu, anayebeba mizigo mizito mwaka hadi mwaka. Nikamuuliza, "Nyumbani maji anachota nani?" Akacheka, akainama. Binti huyohuyo, ndoo ya lita 20, asubuhi na jioni. Hakuna aliyewahi kuja kumwombea karatasi ya ndoo.

Na hedhi haimzuii binti kukimbia. Apewe taulo safi, maji ya kunywa na chakula cha kutosha.

Ila leteni hospitali haraka mtoto anayezimia katikati ya mbio, anayeumwa kifua, anayehema hata akiwa amekaa, mwenye pumu au seli mundu ambaye hajawahi kupata ushauri, au binti anayefanya mazoezi makali na hedhi imekata miezi kadhaa. Hapo tunampima. Hatubahatishi kwa kumtazama.

Na nyie mliojifungua: kutembea taratibu anzeni mapema mkijisikia vizuri, na kubana ile misuli ya chini kama unayezuia mkojo. Kukimbia subirini kama miezi mitatu hivi. Wa upasuaji, pitieni kliniki kwanza.

Karatasi sikumtafutia. Nilimwambia aje na binti apimwe, akapimwa, damu iko sawa, moyo uko sawa.

Mashindano nilikwenda kuangalia, nilikuwa zamu ya usiku. Binti akawa wa nne, timu hakuingia. Akajilaza kwenye nyasi. Nikamwona mama yake kaziba mdomo kwa kanga, kapiga hatua mbili, kasimama. Akahesabu, nilimwona midomo inacheza. Kabla hajafika mbali binti akaketi.

Bibi yake hajabadilika sana, bado anasema watoto wa siku hizi hawasikii. Ila muwa, ni yeye aliyekuja nao, umeshamenywa, kwenye mfuko wa plastiki.

Mimi siwezi kurudi darasa la sita. Lakini nimeanza kutembea haraka jioni upande wa Matogoro, na juzi nikajikuta nakimbia kidogo. Nikachoka, nikakaa kwenye jiwe, nikahema. Raha sana.

Haya, zamu yenu. Nani aliachishwa kukimbia akiwa binti? Aliambiwa nini? Andikeni hapo chini. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji wa watoto.