Deni la Pole Pole

Jina hilo hapo juu ni Kiswahili chetu hikihiki, ila mwenye jina alifia London. Pole Pole alikuwa mtoto wa tembo aliyekamatwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakamchezesha filamu, na filamu ilipokwisha serikali ya Kenya ikampeleka Uingereza, eti zawadi.

Aliyecheza naye ni Virginia McKenna, mwigizaji wa Kiingereza, pamoja na mumewe Bill Travers. Wawili hawa walikuwa na jina tayari. Mwaka 1966 ilitoka filamu yao Born Free, wakiwaigiza Joy na George Adamson waliomlea simba jike Elsa na kumrudisha porini. Lakini simba wengi waliochezeshwa humo waliishia katika bustani za wanyama. George alipewa watatu tu, akaenda kuwazoesha pori kule Meru, Kenya. Yaani hadithi ya uhuru ilichezwa na wafungwa!

Mwaka 1982 mke na mume wakamwendea Pole Pole katika bustani ya London. Walimkuta peke yake, hana tembo mwenzake. Mwaka uliofuata likafanyika jaribio la kumhamisha, likaenda kombo, akaumia, na bustani ikaamua auawe. Alikuwa hajafikisha miaka 20, na tembo porini huweza kufika 60. Mwaka 1984 wazazi wale wa filamu wakaanzisha shirika la kupinga wanyama kufungiwa, ambalo tangu 1991 linaitwa Born Free Foundation. Travers alifariki 1994. McKenna akaendelea na mapambano.

Sasa mtu wa Shinyanga au Geita atauliza: bwana, hayo ya wazungu yanatuhusu nini?

Yanatuhusu. Mwaka huohuo wa 1966, sokwe wa kwanza walishushwa Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho leo kipo Mkoa wa Geita. Hadi 1969 walifika 17. Walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakafungiwa Ulaya, baadhi kwa miaka mingi. Aliyewaleta ni Bernhard Grzimek, mwenyewe mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Haikuwa kazi laini, maana wengine waliwashambulia watu. Lakini walijifunza kula matunda ya msitu, wakazaa, na vizazi vyao vipo hadi leo. Kumbe waliosema mfungwa hawezi tena kurudi porini walisema mapema mno.

Na Shinyanga? Hapa palikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikisafirishwa China kuchemshiwa dawa. Punda huyohuyo anayetubebea maji na kuni! Bei ya ngozi ilipopanda, wezi nao wakapata kazi. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi bara zima kwa miaka 15.

McKenna hakuanza kwa kuwa mtakatifu. Alikula jasho la mnyama kama sisi tunavyokula, kisha akakubali kwamba anadaiwa. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Sawa. Lakini jamani, yetu sisi kwa punda ni ipi?