Nota Zilipokosa Mkalimani

Mtu akiandika nota za wimbo kwa kalamu juu ya mistari mitano, mwenzake wa nchi ya mbali, asiyejua hata neno moja la lugha yake, huweza kuzisoma na kuzipiga kama zilivyokusudiwa. Fadhila hiyo ya kale iliponyoka mikononi mwa watunzi pale maandiko ya muziki yalipohamia katika kompyuta, kwa kuwa kila programu ilikuja na hati yake ya siri, na kazi iliyoandikwa katika moja ikawa mbele ya nyingine kama sanduku lililofungwa kufuli.

Ufunguo wa kwanza ulitoka kwa watengenezaji wa vinanda. Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, kinanda cha umeme cha Sequential Circuits, kampuni ya Dave Smith wa Marekani, kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland, kampuni ya Kijapani ya Ikutaro Kakehashi, na kimoja kilipopigwa cha pili kikaitika. Mapatano yaliyowezesha vinanda hivyo kuelewana ndiyo MIDI, na mwaka 1988 yalipata umbo la faili iliyoweza kuchukuliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Walakini MIDI iliumbwa kwa ajili ya vidole, wala si kwa ajili ya kalamu. Inajua ni kitufe gani kilichobonyezwa, kwa nguvu gani, na wakati gani kimeachwa, na kila sauti inaipa namba tangu 0 hata 127. Namba 61 ni C shapu, na namba hiyo hiyo ni D flati. Kwa kinanda hakuna hitilafu, lakini kwa mwandishi wa nota hitilafu ni kubwa, kama vile herufi sini na sadi, ambazo ulimi wa Mswahili huzitamka sawasawa, lakini mwenye elimu ya hati za Kiarabu hathubutu kuziweka moja mahali pa nyingine. Faili ya MIDI ikifunguliwa katika programu ya nota, programu hulazimika kubahatisha tahajia, na mpigaji aliyechelewa kidogo kuinua kidole huandikiwa msururu wa nota ndogo ndogo ambao hakuna mwimbaji awezaye kuusoma. Wala siwezi kupita hapa bila kuwataja wapigaji wa taarabu ya Unguja, iliyochota maqamu, yaani ngazi zake za sauti, kutoka Misri: sauti zile za ala za udi na kanuni zinazokaa baina ya vitufe viwili vya piano hazina namba zake miongoni mwa hizo 128.

Kwa upande wa uandishi wa nota, programu kubwa mbili zilikuja kugawana ulimwengu wa watunzi. Finale ilitoka Marekani mwaka 1988, na Sibelius, iliyotungwa na mapacha wa Kiingereza, Ben na Jonathan Finn, ilitoka mwaka 1993. Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji kadhaa walishauriana wakatoa muundo wa pamoja ulioitwa NIFF. Ulikuwa na nia njema, lakini programu chache mno ndizo zilizoupokea, nao ukadhoofika.

Aliyefaulu ni Michael Good, aliyeanzisha kampuni ya Recordare mwaka 2000. Hakudharau kazi ya waliomtangulia: aliijenga MusicXML, muundo wake wa kubadilishana nota, juu ya misingi ya miundo ya awali, MuseData ya Walter Hewlett na Humdrum ya David Huron, akaiandika kwa maandishi ya kawaida ambayo hata jicho la binadamu huweza kuyafuata. Humo nota haiitwi 61. Hutajwa jina lake, kisha kiasi ilichopandishwa au kushushwa, kisha oktavo yake. Na kwa kuwa kiasi hicho huweza kuandikwa kwa desimali, nusu ya flati nayo ikapata makao. Hekima yake iliyo kuu, kwa maoni yangu, ni kwamba hakutangaza kanuni kisha akaketi kungoja watu wazifuate, bali alitunga mwenyewe kiambatisho cha kuisaidia Finale kusoma na kuandika muundo huo. Toleo la 1.0 likatoka Januari 2004, na wengine wakafuata kwa kuona manufaa. Tangu mwaka 2015 muundo huu unatunzwa na jumuiya iliyo chini ya W3C, shirika lile lile linaloratibu kanuni za wavuti, na toleo la 4.0 lilitoka mwaka 2021.

Tarjuma ya MusicXML si kamilifu; maneno ya wimbo na nota hufika salama, lakini mpangilio wa ukurasa aghalabu huvurugika njiani na kutaka mkono wa kuunyoosha. Hata hivyo thamani yake ilidhihirika tarehe 26 Agosti 2024, pale wenye Finale walipotangaza kwamba hawataiendeleza tena, baada ya takriban miaka 35. Watunzi waliokuwa na kazi ya umri mzima ndani yake waliambiwa waitoe kwa MusicXML na kuhamia kwingine.

Basi nawasihi watunzi wetu na walimu wa kwaya: kila wimbo mnaoumaliza, wekeni pia nakala yake ya MusicXML, leo hii, kabla programu mliyoizoea haijafikwa na yaliyoifika Finale.