Waliorudi Kutoka Vita vya Kagera

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, nasi huwaombea waliokufa. Juma hili tunapenda kuwatafakari waliorudi wakiwa hai, maana wengi wao hawakuulizwa walirudi na mzigo gani.

Tukumbuke kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua, yakapora na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akatangaza vita, na mikoa ikaagizwa kutoa wanamgambo. Mpanda wakati ule ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Wakulima waliweka majembe chini wakashika bunduki. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na baadhi ya askari wetu walibaki Uganda hadi 1981.

Walipokelewa kwa nyimbo na vigelegele. Lakini taifa lilikuwa limeambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18; sabuni na sukari zikawa adimu. Nani angeuliza habari za moyo? Isitoshe, jeraha lao lilikuwa halijapata jina rasmi. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi wa Ulaya waliotetemeka bila kidonda waliitwa waoga. Ni mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoliingiza tatizo hilo katika orodha yao ya magonjwa.

Dalili zake twazifahamu hata bila kitabu: mzee anayeruka mlango ukijibamiza, anayekesha, anayekunywa ili asiote, anayewafokea wanawe kisha akajifungia kimya. Majirani husema amerogwa, au ndivyo alivyo.

Kaskazini ya Uganda, Waacholi wana desturi ya kumkanyagisha yai anayerejea kutoka mbali kabla hajaingia nyumbani. Walioponyoka vita vya Joseph Kony walipokelewa hivyo. Yai halitibu ndoto mbaya, lakini jamii yote husimama na kusema: umerudi, wewe ni wetu.

Kwetu Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Katumba na Mishamo ni makazi ya ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Aliyeshika bunduki na aliyeikimbia wanaweza kuketi leo katika jumuiya ndogondogo moja.

Basi tufanye nini? Tusikilize bila kulazimisha. Tusimwulize mzee aliua wangapi; akitaka, atutajie mwenzake aliyemwacha huko, tumwombee kwa jina lake. Tuwasaidie mke na watoto, kwani nao wameishi na vita hivyo. Anayetaja kujiua, au aliyezama katika pombe, tumsindikize hospitali. Sala na dawa havigombani, na kutibiwa moyo si uoga.

Kijana wa miaka 20 aliyekwenda vitani mwaka 1978 leo ni mzee. Tusingoje kumsifu siku ya maziko yake, naye angali barazani na neno lake halijasikilizwa.