Mchagua Jembe: Historia Fupi ya Kompyuta za Nyumbani Kwetu

Katika chama chetu kuna ubishi usiokwisha. Wenye Mac huwacheka wenye Windows kwa sababu ya virusi na masasisho. Wenye Windows hujibu kwamba kwa bei ya Mac moja wao hununua kompyuta mbili na chenji ikabaki. Wenye Chromebook hukaa kimya mpaka mtu aseme kwamba yao si kompyuta, ni kivinjari kilichobandikwa kibodi, na hapo kikao huvurugika. Sisi watatu tunaoandika makala hii tumetoka Louisville, Columbus na Buffalo, na tumo katika kambi hizo tatu, kila mmoja na yake. Tulipopewa nafasi ya kuandika historia, tukaona tuulize swali ambalo ubishi huo huliruka: ni nani aliyetuchagulia?

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Tulipouliza nyumbani kwetu, tuliona kwamba watu wengi wa ukoo wetu hawakuchagua jembe. Walilima na lile walilolikuta, kisha wakalipenda. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaonyesha hapa: mapenzi yetu kwa mashine moja dhidi ya nyingine yamejengwa na bei, amri za serikali, ujuzi wa mafundi na shule. Na kuna jambo moja ambalo mashine zote zilichelewa kulijali, nalo ni lugha ya mama zetu.

Tuanze hapa Marekani, maana ubishi wa kambi ulizaliwa hapa. Mwaka 1977 zilitoka kompyuta tatu za kuuzwa zikiwa zimekamilika, zilizolengwa kwa watu wa kawaida: Apple II, Commodore PET na TRS-80 ya kampuni ya Tandy. Apple II iliuzwa kwa dola 1,298. TRS-80 pamoja na skrini yake ilikuwa kama dola 600, nayo ilipatikana katika maduka ya Radio Shack yaliyokuwa kila mji. Mwaka 1981 IBM ikaleta PC yake. Mwaka 1982 ikaja Commodore 64 kwa dola 595, na mwaka 1984 Apple ikatoa Macintosh kwa dola 2,495.

Mashine hizi hazikuelewana. Programu uliyonunua kwa ajili ya Commodore haikufanya kazi kwenye Apple, na diski ya huku haikusomeka kule. Kwa hiyo kununua kompyuta kulikuwa kama kuoa: ulipata mke pamoja na mashemeji. Michezo yako, majarida unayosoma, hata rafiki wa kubadilishana naye diski, vyote vilitegemea jina lililoandikwa juu ya kasha. Mtu aliyekwisha kutumia mamia ya dola alikuwa na kila sababu ya kuapa kwamba mashine yake ndiyo bora. Ubishi wa leo umerithi sauti hiyo, ingawa siku hizi karibu kila kitu hufunguka katika kivinjari chochote.

Mwenzetu wa Columbus anajivunia kwamba mji wake ulisaidia kuzipatanisha kambi hizo. Kampuni ya CompuServe ilianzishwa huko mwaka 1969, ikiwa mtoto wa kampuni ya bima, na kazi yake ilikuwa kukodisha muda wa kompyuta kubwa kwa wafanyabiashara. Usiku kompyuta hizo zilikaa bure. Mwaka 1979 kampuni ikaanza kuwauzia wenye kompyuta za nyumbani saa hizo za jioni na usiku kupitia waya wa simu. Haikujali una Apple, Tandy au Commodore, mradi una modemu. Mwaka 1987 wahandisi wake wakatoa muundo wa picha wa GIF, na shabaha yake ilikuwa picha moja ionekane kwenye kompyuta za aina mbalimbali. Leo vijana wa dunia nzima hutumiana GIF za kuchekesha bila kujua kwamba zilibuniwa Ohio ili kumaliza ugomvi wa majirani.

Mwenzetu wa Louisville naye ana la kusema. Safari ya saa moja na ushee kutoka kwao, katika mji wa Lexington, ndiko IBM ilikotengeneza taipureta, na baadaye kibodi zake nzito zenye mlio wa ta-ta-ta. Kibodi hizo zilienda mbali na Kentucky, na PC ilienda mbali zaidi ya kibodi.

Sasa tuvuke bahari. Miaka hiyohiyo ambayo watoto wa Marekani walikuwa wakigombana kuhusu Apple na Commodore, Tanzania hapakuwa na kambi ya kujiunga nayo. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuziweka hesabu za serikali ndani ya mashine lilikwenda vibaya, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na amri hiyo ilihusu televisheni pia. Marufuku ikalegezwa katika miaka ya 1980, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kuiona mashine hiyo. Kenya haikupiga marufuku, ila kodi za forodha zilifanya kazi iyo hiyo: kompyuta ikabaki kitu cha benki, shirika na ofisi ya mzungu.

Ndiyo maana kompyuta ilipofika kwa wingi, katika miaka ya 1990, ilifika na mshindi aliyekwisha kupatikana. IBM ilikuwa imeijenga PC yake kwa vipuri vya makampuni mengine, na tangu Compaq ilipofaulu kuiiga mwaka 1982, yeyote mwenye mtaji angeweza kuunda kompyuta ya namna hiyo. Kwa fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue huo ulikuwa uhai. Alichukua ubao wa mashine iliyokufa, akautia katika kasha la nyingine, akaongeza kumbukumbu iliyotoka kwa ya tatu, na Windows akaipakia kutoka kwenye CD ya kunakili. Mac haikukubali mchezo huo. Vipuri vyake vingi vilitoka kwa mwenyewe, kwa bei ya mwenyewe. Tukiwauliza wazazi kwa nini walipenda Windows, hawatutajii uzuri wake wowote. Wanasema, “Ilikuwa inatengenezeka.” Hilo nalo ni pendeleo la kweli, tena lina hoja nzito kuliko nyingi tunazozisikia chamani.

Kwa upande wa Kongo mashariki kuna jambo jingine. Mwenzetu wa Buffalo amezaliwa katika familia ya Uvira iliyopitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Baba yake alijifunza kupiga chapa kwenye kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na herufi A na Z mahali tulipozoea Q na W. Kwake ubishi wa Mac na Windows ni mdogo. Kambi mbili anazozijua ni kibodi inayomtii na kibodi inayomwandikia Q kila anapotaka A.

Hapo tunaingia kwenye lugha. Wengi wetu hatukujua kwamba Kiswahili kiliwahi kuwa na vita vyake vya mifumo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yenye menyu zote za Kiswahili, tena ya bure. Ilitokana na mradi wa Kilinux, uliotaka kuipa Afrika Mashariki programu huria ambazo mtu yeyote angeweza kuzinakili, kuzichungulia ndani na kuzirekebisha. Mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kwamba itatafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili, na baadaye Windows na Office za Kiswahili zikatoka kweli. Kwa mara ya kwanza Mswahili angeweza kuuliza ni kambi gani inayosema lugha yake vizuri zaidi, ya bure au ya kununua.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Wataalamu walipaswa kukubaliana hata juu ya jina la mashine yenyewe. Tanzania ilikwisha kuzoea kompyuta, vitabu vya Kenya vikapendelea tarakilishi, na wapo waliosema ngamizi. Kifaa cha mkononi kikaitwa kipanya na wengine, puku na wengine. Leo tunasema nenosiri, pakua, hifadhi na kivinjari bila kufikiri, lakini maneno hayo yalikalishwa kitako na watu, yakajadiliwa na kupimwa.

Hata hivyo, watu wengi hawakuhamia Kiswahili, na tumejaribu kuelewa kwa nini. Hatuamini kwamba waliidharau lugha yao. Walikuwa wamefundishwa kompyuta kwa Kiingereza. Mwalimu alisema kwa Kiingereza, mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, na kijana wa intaneti kafe alikuonyesha pa kubonyeza kwa Kiingereza. Mashine ikiharibika, fundi alizijua menyu kwa mahali zilipo na kwa maneno yake ya Kiingereza, na ukimpelekea yenye Kiswahili ilimlazimu abahatishe. Tena programu nyingi zilifika zikiwa nakala za CD, na nakala hizo zilikuwa za Kiingereza. Jembe lililokutwa likashinda tena.

Lakini lugha hiyo haikupotea. Ilirudi kwa mlango wa simu. Simu za Android zina menyu za Kiswahili, na Facebook ilifunguliwa kwa Kiswahili mwaka 2009. Kwa familia nyingi zilizokuja Louisville, Columbus na Buffalo kutoka kambi za Tanzania, Kenya na Uganda, simu ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza. Mama wa mwenzetu wa Columbus, aliyekulia Kenya, hana habari na Mac wala Windows. Ana simu yake, imewekwa Kiswahili, na humo hutuma fedha, husikiliza mawaidha na kupiga soga na dada zake wa Mombasa mpaka usiku wa manane.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilipofungwa, wilaya ya shule za Jefferson, ambayo ndiyo ya Louisville, iligawa maelfu ya Chromebook ili watoto wasomee nyumbani. Kompyuta za aina hiyo ziliingia sokoni mwaka 2011. Ni za bei nafuu, karibu kila kitu chake kimo mtandaoni, na shule inaweza kuzisimamia zote kutoka mahali pamoja. Kwa shule ni uzuri mtupu. Kwa mwenzetu wa Louisville ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza kuwekwa juu ya meza ya jikoni kwao, watoto wanne wakipokezana nafasi ya kukaa karibu na dirisha, mahali intaneti ilipokamata. Mpaka leo anaitetea kwa moyo wote, na sasa tunajua kwa nini.

Ila mashine hiyo ilifika ikisema Kiingereza, na wenye uwezo wa kubadilisha mipangilio yake walikuwa shule. Mama aliyekuwa hodari kwenye simu yake ya Kiswahili akawa mgeni mbele ya kompyuta ya mwanawe. Hakuweza kujua kama kazi ya shule imekwisha au mtoto anaangalia katuni. Mtoto wa miaka kumi ndiye aliyemsomea ujumbe wa mwalimu, pamoja na ule uliomlalamikia mtoto mwenyewe. Wasomaji wengi wa jarida hili wamewahi kuwa mtoto huyo. Mnajua jinsi ujumbe ule ulivyotafsiriwa.

Hapa ndipo tunapoona kwamba ubishi wetu wa chamani una kitu cha kweli ndani yake, ila tumekuwa tukikigusa kwa juu. Mashine ya nyumbani hugawa madaraka. Anayeisoma ndiye mwenye nyumba kwa saa hiyo.

Wala hatutaki kudai kwamba kuiweka kompyuta Kiswahili kutamaliza tatizo. Tulijaribu wiki mbili, kila mmoja katika familia yake. Mama wa Columbus alifurahi, akasema maneno ni yaleyale ya simu yake. Louisville walipata maneno mengi yanayofahamika na machache yaliyowachekesha. Buffalo baba alisoma “nenosiri” akauliza ni siri gani hiyo. Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa Uvira na Bukavu, neno hilo hulijua kwa Kifaransa. Kiswahili cha kompyuta kimetoka zaidi Dar es Salaam na Nairobi, nacho kina wageni wake ndani ya Waswahili wenyewe. Lakini baba huyo alikaa mbele ya skrini muda mrefu kuliko siku zote, maana safari hii alikuwa na la kubishia.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama jambo moja kabla ya mkutano ujao. Ulizeni nyumbani ni kompyuta gani ilifika kwanza, ilitoka kwa nani, na kwa nini ilikuwa hiyo na si nyingine. Kisha iwekeni ya nyumbani Kiswahili kwa wiki moja, iwe Mac, Windows au Linux, kadiri mfumo wenyewe unavyoruhusu, na mlete orodha ya maneno ambayo wazee waliyakataa. Walimu wetu wamekubali kukaa nayo. Wenye Mac wanaweza kuendelea kuwacheka wenye Windows wakati tunasubiri chai.